Kamera ya joto na ukwato wa kondoo: inaona nini hasa?

Kwenye makundi ya WhatsApp ya wafugaji wa Ruai, Kamulu, Kitengela na Ngong, kandokando ya Nairobi, video za namna moja hupita kila baada ya muda. Mtu anaelekeza simu kwenye miguu ya kondoo, skrini inajaa zambarau na manjano, mguu mmoja unang'aa kuliko mingine, na sauti inatangaza: huyu ni mgonjwa, ukwato wake unaoza. Chini yake maswali yanamiminika. App gani hiyo? Inauzwa wapi? Na minyoo inaiona? Hakosekani pia wa kuuliza kama hiyo si ile mashine tuliyopimwa nayo mlangoni mwa supamaketi wakati wa korona.

Huyo wa mwisho ndiye aliyeuliza la maana, kwa sababu jibu lake ni ndiyo, karibu kabisa. Kile kidude ambacho mlinzi alikuelekezea kipajini mwaka 2020 kilikuwa kinasoma joto la sehemu moja ndogo ya ngozi bila kuigusa. Kamera ya joto inafanya kazi hiyohiyo, ila kwa maelfu ya sehemu kwa mpigo mmoja, kisha inazipanga zikawa picha. Na kama unakumbuka, asubuhi za baridi kidude kile kiliweza kusoma nyuzi 33 au 34 kwa mtu mwenye afya yake, na mlinzi akamwambia apite. Mtu ambaye damu yake imeshuka hadi nyuzi 33 angekuwa hoi kitandani. Kilichopoa kilikuwa ngozi ya kipaji tu, kwa upepo wa nje. Lishike hilo, maana makosa mengi yanayofanyika kamera hii ikipelekwa zizini yanaanzia hapo.

Mkono unaochora

Kila kitu, hata barafu, hutoa mionzi ambayo jicho halioni. Huitwa mionzi ya infraredi. Mwanaastronomia William Herschel aliigundua Uingereza mwaka 1800: alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembe tatu ukagawanyika rangi zake, akaweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali ambapo hapakuonekana mwanga wowote, na kipimajoto kikapanda. Sisi wengine tunaijua kwa njia ya jikoni. Ukipitisha kiganja kando ya jiko ambalo makaa yake yamefunikwa na majivu, huoni moto lakini mkono unakuambia upo. Kamera ya joto ni mkono huo, ila unaweza kuchora ulichokihisi.

Kwa hiyo inachosoma ni joto la juu ya kitu, basi. Haipenyi ngozi, haipenyi manyoya, haipenyi matope, hata kioo cha dirisha kinaizuia. Minyoo walio tumboni mwa kondoo haiwaoni na haitawaona. Sufu ya mgongoni inaonekana baridi kwa sababu sufu imeumbwa kuzuia joto lisitoke, na ndiyo maana anayetaka kumpima kondoo kwa kamera hii huenda kwenye jicho, kiwele au mguu, sehemu ambazo ngozi iko karibu na hewa.

Rangi nazo si za kondoo. Programu ndiyo inayozipaka: inachukua sehemu yenye joto zaidi kwenye picha inaipa manjano au nyeupe, yenye joto kidogo inaipa zambarau au nyeusi, na zilizobaki zinajipanga katikati. Nyingi hujirekebisha zenyewe kila unapogeuza kamera. Matokeo yake ni kwamba katika kundi la kondoo wazima watupu, lazima mmoja atang'aa kuliko wenzake, hata kama anawazidi kwa nyuzi moja na nusu. Anayekuonyesha rangi bila kukuonyesha nambari bado hajakuonyesha kitu.

Na simu? Simu ya kawaida haina uwezo huu, app iwe imesifiwa vipi. Kinachowachanganya watu ni jaribio moja maarufu: ukielekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya simu na kubonyeza, mara nyingi utaona kitaa kikiwaka kwenye skrini ambacho macho yako hayakioni. Kweli hiyo ni infraredi, lakini ni ile iliyo jirani kabisa na mwanga wa kawaida. Ile inayotoka kwenye mwili wa mnyama ina mawimbi marefu zaidi ya mara kumi kuliko mwanga tunaouona, na kihisio cha kamera ya simu hakiwezi kuipokea kabisa. App inayodai kuiona inachukua picha ya kawaida na kuipaka rangi. Ili simu ione joto inahitaji kifaa chake maalumu, ama kilichojengwa ndani na mtengenezaji, ama kinachochomekwa pale pa kuchajia.

Ukwato unaoza vipi

Ugonjwa unaolengwa hapa ni kuoza kwato. Bakteria anayeuleta anaitwa Dichelobacter nodosus, alielezwa Australia na mtafiti W. I. B. Beveridge mwaka 1941, na ni wa aina isiyopenda hewa: anastawi mahali palipofungika, penye unyevu. Peke yake hana nguvu ya kuvunja mlango. Kwanza ngozi iliyo kati ya vidole viwili vya mguu wa kondoo lazima ilainike kwa matope na mkojo, na mara nyingi mwenzake anayeishi kwenye kinyesi, Fusobacterium necrophorum, huwa naye kwenye kidonda. Hapo ndipo Dichelobacter anapoingia na kuanza kula kiungo kinachoshikilia ukwato na nyama yake.

Inua mguu wa kondoo aliyeanza, uvitanue vidole kwa vidole gumba. Siku za mwanzo utaona ngozi ya katikati imelowa, ina rangi ya kijivu iliyochanganyika na wekundu, na vinyweleo vyake vimedondoka. Baada ya siku kadhaa ukuta wa ndani wa ukwato unaanza kuachana na nyama, kuanzia kisigino kwenda mbele, na ukiugusa unanyanyuka kama kifuniko. Chini yake kuna uji mzito wa kijivu. Harufu yake ukishaipata mara moja hutahitaji kuelezwa tena. Wengine wanapofikia hapo hula wamepiga magoti ya mbele, na mchungaji hudhani wameona majani mazuri.

Ulaya miezi ya baridi kali huwapa wafugaji nafuu, kwa sababu joto likiwa chini ya nyuzi 10 hivi maambukizi hupungua sana. Sisi nafuu hiyo hatuna. Nairobi na nyanda za juu zinazoizunguka hazikai chini ya nyuzi 10 mchana wa siku yoyote ya mwaka, kwa hiyo kinachofungua na kufunga ugonjwa huku ni maji. Mvua za Machi hadi Mei, kisha za Oktoba hadi Desemba, malango ya maboma yakageuka kinamasi, na kondoo wote wanapita palepale asubuhi na jioni. Bakteria huyu nje ya mguu haishi muda mrefu, kwa kawaida wiki moja au mbili. Anayemtunza mwaka hadi mwaka ni kondoo mwenyewe, hasa yule aliyechechemea mwezi uliopita, akaonekana amepona, na hakuna aliyeinua mguu wake kuangalia.

Sasa joto linaingia wapi? Mwili ukipigana na bakteria huongeza damu mahali pale. Damu ya kondoo ina nyuzi 39 hivi. Mguu wenye uvimbe unajaa damu hiyo na kuwa moto kuliko mingine mitatu. Joto hilo linaonekana vizuri zaidi kwenye utepe wa ngozi ulio juu ya ukwato, pale manyoya yanapokomea, kwa sababu ukwato wenyewe ni mgumu kama kucha na hauna damu. Kwenye skrini ya kamera, mguu mbaya unaonekana umevaa pete angavu.

Nambari za Ireland

Jambo hili limepimwa, si hadithi. Mwaka 2019 watafiti wa Ireland walichapisha majaribio yao juu ya kondoo jike. Kwa siku kumi zisizofuatana walipiga picha za joto za kwato za kondoo 18 wazima pamoja na wengine waliokuwa wakichechemea, huku watu watatu wakikagua vidonda na mwendo, kila mmoja kivyake bila kujua mwenzake ameandika nini. Kwato zenye maambukizi ziliwazidi wenzao wazima kwa nyuzi 8.5. Hilo ni pengo kubwa. Homa ya kawaida ya mnyama haifiki hata nusu yake.

Kisha wakatafuta mpaka: ukwato ukivuka kiasi gani tuseme una maambukizi? Hawakuchagua nambari moja ya kudumu, kama nyuzi 30 au 32. Walichukua kwato tano zilizo baridi kuliko zote kundini siku hiyo, wakapata wastani wake, wakasema ukwato wowote unaozidi wastani huo kwa nyuzi 9 au zaidi uhesabiwe mgonjwa. Kwa mpaka huo walinasa asilimia 92 ya kwato zenye maambukizi, na asilimia 91 ya kwato nzima zikatambuliwa kuwa nzima.

Wauza kamera hukomea hapo. Watafiti wenyewe hawakukomea. Waliupeleka mpaka uleule kwa kondoo wengine 40 ambao hawakuhusika kuutengeneza, na nambari zikashuka: asilimia 77 kwa wagonjwa, 78 kwa wazima. Hakuna aliyedanganya. Mpaka wowote unaopatikana kwa kuwatazama wanyama fulani utawafaa wanyama hao kuliko wengine, na kushuka huku ndiko kunakokuonyesha chombo kitafanyaje kazi kwako. Kwa maoni yangu, hizo 77 na 78 ndizo za kubandika kwenye karatasi ya matangazo.

Hebu tuzitie kazini. Kondoo 25 wana miguu 100. Tuseme miguu 10 ina maambukizi na 90 ni mizima. Kamera itainasa kama 8 kati ya ile 10, miwili itaponyoka. Lakini katika ile 90 mizima, itaisingizia karibu 20. Kwa hiyo mwisho wa zoezi una miguu 28 iliyowekewa alama, na 20 kati yake haina neno lolote. Anayechoma sindano kila mguu uliong'aa atakuwa amemtibu kondoo mzima mara nyingi kuliko mgonjwa. Anayetumia alama hizo kuchagua miguu ya kuinua kwanza, huyo amepunguziwa kazi: badala ya miguu 100 anaanza na 28, na wengi wa wagonjwa wamo humo.

Na lipo jambo ambalo jaribio lile halikulithibitisha, ingawa hudaiwa sana: kwamba kamera inauona ugonjwa siku kadhaa kabla ya kidonda kutokea. Lililolinganishwa ni joto na vidonda ambavyo jicho la mkaguzi lilikuwa tayari limeviona.

Kwa nini saa ni muhimu kuliko kamera

Ndani ya utafiti uleule kuna jambo ambalo kwetu sisi ni kubwa kuliko asilimia zote. Joto la kwato nzima lilifuata hali ya hewa: siku ya baridi zilipoa, siku ya joto zikapanda. Kwato zenye maambukizi hazikufuata. Zilibaki moto, hewa iwe vipi.

Sababu yake iko kwenye damu. Kukiwa na baridi, mwili hubana mishipa ya miguu ili joto lisipotee, na ukwato mzima unaweza kupoa sana bila madhara yoyote. Mguu wenye uvimbe hauwezi kubana namna hiyo. Pengo lile la nyuzi 8.5, kwa hiyo, halikutengenezwa na mguu mgonjwa peke yake. Sehemu ya kazi ilifanywa na baridi ya Ireland kwa kuipoza miguu mizima.

Lete kamera hiyo Nairobi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Julai, wakati hewa iko kwenye nyuzi 12 au 13, Limuru na Kinangop chini ya hapo, miguu mizima imepoa na mgonjwa anajitenga vizuri. Saa nane mchana wa Februari, hewa imekaribia nyuzi 28 na jua linawaka, mishipa ya miguu yote imefunguka na kila ukwato unajongea joto la mwili. Hapo pengo limeyeyuka. Shuka nayo hadi Magadi au uipeleke Garissa mchana, na kamera ya mamia ya maelfu ya shilingi itakuonyesha kundi zima likiwa na nambari zinazokaribiana. Kuchukua zile nyuzi 9 na kuzitumia hapa kama zilivyo, bila kujali saa wala mahali, ni kulazimisha tu. Anayetaka kipimo cha boma lake lazima akitafute kwa kondoo wake, kwa saa yake.

Bahati nzuri ni kwamba kuoza kwato nako kunapenda sehemu zilezile ambako kamera inafanya kazi: nyanda za juu zenye baridi na mvua, Nyandarua, Molo, Limuru, huko kwenye kondoo wa aina za Corriedale na Hampshire. Kwa Dorper na Red Maasai wa nchi kavu ya Kajiado, anayechechemea mara nyingi amechomwa na mwiba au amekanyaga jiwe. Mwiba nao hupasha mguu moto.

Moto wa nini?

Huo ndio upungufu ambao hakuna bei ya kamera inayouondoa. Picha inasema mguu huu una joto. Haisemi kwa nini. Jipu la ukwato lina joto. Mwiba, jeraha, ukwato uliokatwa jana, kondoo aliyefukuzwa na mbwa dakika tano zilizopita, mguu uliokuwa upande wa jua, mguu alioulalia, lami ya Eastern Bypass aliyotembea juu yake mchana: vyote hivyo vinang'aa. Upande wa pili, mguu mgonjwa uliotoka kwenye tope unaweza kuonekana baridi, kwa sababu unachopima ni tope lililolowa, na maji yanapokauka hupoza. Kuuosha na kuupiga picha papo hapo ni kosa lilelile, kwani utapima joto la maji ya mfereji.

Kuna chanzo kimoja zaidi cha joto ambacho hakifai kuchanganywa na hivyo, nacho ni ugonjwa wa miguu na midomo. Ng'ombe akiupata kila mtu anajua: mate yanachirizika, maziwa yanakatika. Kondoo huuficha. Mara nyingi dalili pekee ni kuchechemea, na vidonda vya mdomoni ni vidogo, vinapona upesi kabla hujavitazama. Uingereza ililipa kwa hilo mwaka 2001: kondoo waliopitia minadani walikuwa wameshausambaza ugonjwa kabla haujagunduliwa, na mamilioni ya wanyama wakachinjwa. Kenya virusi hivi viko nasi miaka yote, na maabara ya kitaifa ya ugonjwa huu iko papa hapa Nairobi, Embakasi.

Basi mguu mmoja moto wa kondoo mmoja ni jambo la kuinua na kuangalia. Lakini miguu ya moto kwa kondoo kadhaa kwa mpigo, hasa kama kuna homa, malengelenge kwenye utepe ule wa juu ya ukwato au ndani ya mdomo, au ng'ombe wa jirani wanatoa mate, hapo weka kamera chini. Funga lango, usimpeleke yeyote machinjioni Kiamaiko wala Dagoretti, na umwite afisa wa mifugo wa kaunti. Ugonjwa huo kisheria ni wa kuripotiwa, na sampuli ya maabara ndiyo inayojibu, wala si rangi.

Kama tayari unayo

Ipige asubuhi kabla jua halijapanda, kondoo wakiwa wamesimama kivulini mahali pakavu kwa muda, wasiwe wametoka kukimbizwa. Pangusa tope kwa kitambaa kikavu na usubiri kidogo. Simama umbali uleule kwa kila mguu, kama mita moja au pungufu, na uelekeze kwenye utepe wa juu ya ukwato. Zima ile hali ya rangi kujirekebisha, kama kamera yako inaruhusu, na uandike nambari. Linganisha mguu na mwenzake wa kondoo huyohuyo, wa mbele kwa wa mbele, wa nyuma kwa wa nyuma, kisha na wale baridi zaidi kundini. Kamera nyingi hukosea nyuzi mbili hivi juu au chini, lakini zinakosea miguu yote kwa namna moja, kwa hiyo tofauti kati ya miguu ni ya kuaminika kuliko nambari ya mguu mmoja. Ukikuta mguu moto na ndani hakuna kidonda, urudie kesho saa ileile.

Baada ya kupata mgonjwa ndipo kosa kubwa kuliko yote hufanyika, na halihusiani na kamera. Kisu. Wengi tumefundishwa kwamba ukwato uliooza unakatwa hadi kwenye nyama ili "upate hewa". Jaribio lililofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2010 lilionyesha kinyume: kondoo waliopewa antibayotiki ya sindano pamoja na ya kupuliza bila kukatwa kwato walipona upesi, na kule kuwakata kulichelewesha kupona. Uchafu wenye bakteria hubaki kwenye kisu na kuwapelekea wengine ugonjwa. Dawa yenyewe iandikwe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa, kwa kipimo cha uzito wa mnyama, na usimchinje wala kumuuza machinjioni kabla siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa hazijaisha. Wakati wa Idd hilo husahaulika kirahisi.

Maji ya kuogeshea kwato yanasaidia kuzuia, hasa ya salfeti ya zinki kwa asilimia 10, kondoo wakisimamishwa humo na kisha kukaa mahali pakavu. Mrututu (salfeti ya shaba) ambao wengi wanautumia kwa ng'ombe uogope: kondoo hawavumilii shaba, na wakiyanywa maji hayo wanaweza kufa. Na aliyenunuliwa sokoni akae peke yake wiki tatu au nne, miguu yote minne ikaguliwe siku ya kwanza na tena kabla ya kumchanganya. Kondoo sugu ambaye kila mvua anarudia kuchechemea, huyo auzwe kwa nyama dawa ikishaisha mwilini.

Inunuliwe au isinunuliwe?

Vifaa vya kuchomeka kwenye simu huanzia mia kadhaa za dola. Baadhi ya vile vya bei ya chini hutoa picha ya vidoa kama 80 kwa 60, ambayo kwa mita moja inatosha kuutofautisha mguu na mguu, lakini kwa mita tano kwato mbili zinakuwa doa moja. Kamera za kazi, zile mafundi wa umeme hutumia kutafuta viungo vinavyochemka, huenda kwenye maelfu ya dola.

Kwa mtu mwenye kondoo 15 nyuma ya nyumba kule Utawala, mimi naona ni pesa iliyopotea. Kondoo 15 unawatazama wakitoka zizini, na anayekanyaga vibaya unamwona kabla hujawasha simu. Weka mkono juu ya ukwato asubuhi ya baridi, kisha juu ya ule wa pili: tofauti ya nyuzi nane au tisa mkono wako unaijua. Pesa ya kamera ijaze changarawe langoni na inunue zinki.

Daktari wa mifugo anayezunguka mashamba makubwa ya Nakuru na Nyandarua ana hesabu nyingine. Kundi la mamia halikaguliki mguu kwa mguu, na chombo kinachomwambia aanze na hawa ishirini kinamlipa. Vivyo hivyo chuo: kitivo cha utabibu wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Upper Kabete, mwendo mfupi kutoka kondoo wa Limuru, na mpaka unaotufaa, kwa Red Maasai na Dorper, kwa asubuhi zetu na mchana wetu, ni kazi inayosubiri mtu wa kuifanya.

Ukiletewa kamera uinunue, mwambie muuzaji aje saa nane mchana badala ya asubuhi. Umwonyeshe kondoo watano, mmoja wao awe unamjua ana ukwato mbovu na wewe usiseme ni yupi, na umwombe akusomee nambari badala ya rangi. Akikosa, mpe nafasi ya pili kesho alfajiri. Utakuwa umeshajua ni saa ngapi za siku unauziwa.